Tahadhari: msimlipe anayedai "kuwatunzia" leseni ya Windows mnapohamia Linux

Jamani, kuna jamaa mtandaoni anauza huduma anayoiita kuhifadhi leseni, yaani haki yako ya kutumia Windows. Mimi nimeshaliwa. Nyinyi mnaopanga kuhamia Linux (mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows), someni kwanza.

Nilimwambia nataka kuifuta Windows 10. Akanitisha: "Bosi, ukifuta tu leseni imekufa, utanunua upya. Ngoja niitoe kwanza." Nikamruhusu aingie kwenye kompyuta kwa mbali. Akabofyabofya dakika chache, akaniachia faili lenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Nikalipa, na shukrani juu (aibu naona hadi leo).

Baadaye rafiki yangu, naye mteja wake, akanionyesha ufunguo aliopewa. Ni uleule wangu, herufi kwa herufi, mwisho 3V66T! Kumbe huo ni ufunguo wa jumla wa Windows 10 Pro. Umo kwenye mashine kibao, na peke yake hauamilishi chochote, yaani hauifanyi Windows itambulike kuwa ina leseni. Tumeuziwa hewa.

Leseni haikai kwenye diski unayoifuta. Kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows, tangu Windows 8, kwa kawaida zina ufunguo wake ndani ya ubao mama (sakiti kuu ya kompyuta). Ukiwa Linux unaweza kuutazama mwenyewe bure, kama upo, kwa amri hii:

sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM

Kompyuta nyingine zina leseni ya kidijitali: kumbukumbu yake iko kwenye seva za Microsoft, ikitambua kifaa chako. Mimi nilijaribu kuirudisha Windows. Iliponiuliza ufunguo nikachagua kwamba sina, nikaweka toleo lilelile la Pro, nikaunganisha intaneti. Ikajiamilisha yenyewe, faili la jamaa sikuligusa.

Penye shida ya kweli ni ukibadilisha ubao mama au kompyuta nzima. Leseni iliyokuja na mashine haihami. Ile uliyoinunua peke yake unaweza kwenda nayo. Kabla ya kubadilisha, iunganishe na akaunti yako ya Microsoft, wewe mwenyewe. Nasisitiza mwenyewe kwa sababu jamaa aliniomba hata namba ya uhakiki iliyoingia kwenye simu yangu, eti "aunganishe leseni". Hiyo sikumpa. Mwenye namba hiyo na nywila anaingia kwenye akaunti yako, pamoja na barua pepe na mafaili yaliyomo humo.

Nilipodai pesa yangu akanizuia. Juzi nimemwona tena kwa jina jingine, tangazo lilelile, na bado anaanza na "Bosi".