Mabasi yaendayo haraka au treni ya mjini?

Uchumi ukikua na watu wakiongezeka, magari nayo huongezeka, na moshi wake haungoji mpango wa serikali.

Kwa gharama na muda, mabasi yanashinda waziwazi. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilizindua TransMilenio, mfumo wake wa mabasi yaendayo haraka, mwishoni mwa 2000, baada ya maandalizi ya miaka michache tu. Mabasi yalijaa pomoni, na sasa jiji hilo linajenga metro, yaani treni ya mjini. Kwa hiyo, katika kubeba umati, treni iko mbele. Delhi, India, ilianza na kipande kifupi cha reli mwaka 2002. Leo mtandao wake umepita kilomita 350.

Kuhusu hewa ukaa, watu huharakisha kuipa treni ushindi. Tuulize kwanza umeme unatoka wapi: India bado inategemea sana makaa ya mawe, Ethiopia inategemea maji. Na basi si lazima liwe la dizeli. Kufikia mwisho wa 2017 jiji la Shenzhen, China, lilikuwa limeyageuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme.

Matengenezo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Addis Ababa ilizindua treni zake 41 mwaka 2015, kisha nyingi zikaegeshwa kwa kukosa vipuri. Basi bovu huvutwa kando, jingine likapita.

Jiji lenye mamilioni waliosongamana kwenye njia moja, na fedha za uhakika za vipuri, lijenge reli. Linalotanuka kila upande kwa bajeti finyu lianze na mabasi, mradi njia zake zilindwe dhidi ya magari binafsi.