Wali wa mbuzi wa Kisenyi, na hofu inayowazuia watu kuula

Mkahawa huu wa Kisomali ulioko Kisenyi, Kampala, unapika wali wa mbuzi mtamu kuliko wote niliokula mjini humu, lakini kila ninapowaalika wenzangu wa kazini, wanachouliza kwanza si bei wala ladha, bali usalama.

Nyama huchemshwa taratibu hadi inaachia mfupa, nao wali wenye iliki na zabibu kavu huletwa kwenye sinia pamoja na ndizi mbivu nzima, ambayo mlaji huimenya na kuila na wali huohuo, na kibakuli cha pilipili ya kijani iliyosagwa. Mchuzi huongezwa bila malipo. Chai ina sukari nyingi mno.

Mlangoni, askari hukagua mfuko wa mwenye suti kama anavyokagua mkoba wa mama aliyevaa baibui. “Samahani mzee, nifungulie kidogo,” husema, kisha humkaribisha mtu ndani. Ukaguzi wa namna hiyo ninauheshimu, kwa sababu unalinda bila kumtisha wala kumbagua mtu.

Hofu ya wenzangu ina chanzo. Tarehe 11 Julai 2010, al-Shabaab waliua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia Kabalagala na Kyadondo, hapa Kampala, na Novemba 2021 mabomu yalilipuka karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na bunge, mashambulizi ambayo polisi walisema ni ya ADF, waasi wa Uganda wenye uhusiano na Islamic State, si ya al-Shabaab. Tahadhari ni wajibu. Hata hivyo, waliojilipua mwaka 2021 walikuwa watu watatu tu, na mitandao iliyolegea kama hiyo haina uwezo wa kushika hata mtaa mmoja wa Kampala. Nguvu wasizokuwa nazo tunawapa sisi, pale tunapoamini kwamba wako kila mahali na kwamba kila Msomali ni mtu wa al-Shabaab. Wengi wa majirani zetu wa Kisenyi waliikimbia Somalia, ambako al-Shabaab wameua maelfu ya Wasomali. Kuwasusia ni kuwaumiza mara ya pili, tena kwa niaba ya walewale waliowafukuza kwao.

Kasoro kubwa ya mkahawa wenyewe ni kwamba viti vya barazani vimeondolewa kwa hofu hiyohiyo, na sasa wateja wanabanana ndani ambamo feni hazitoshi. Naomba virudishwe, kwa kuwa askari wa mlangoni anaweza kuiona baraza yote pale aliposimama. Anayetaka paja la mbuzi afike kabla ya saa saba mchana.