Masomo ya Video ya Koncheto ya Tano ya Mozart: Mkono wa Upinde Umetendewa Haki

Kwa miezi minne nimefuata mfululizo wa masomo ya video nilioununua mtandaoni, unaomwongoza mpiga fidla aliyekwisha kupevuka kidogo katika Koncheto ya Tano ya fidla ya Wolfgang Amadeus Mozart (koncheto ni utungo wa mpigaji mmoja kiongozi akisindikizwa na okestra), ile ya ufunguo wa A meja aliyoikamilisha mjini Salzburg tarehe 20 Desemba 1775, akiwa na umri wa miaka 19. Jina la mwalimu nitalihifadhi. Nilipojiunga, noti zote zilikuwa zimeshakaa vidoleni, lakini nilikuwa nikizipiga kama mtu anayesomea wengine barua ambayo yeye mwenyewe haielewi.

Somo lililonilipa gharama yangu ni la pili, nalo linahusu vipimo (baa) sita tu vya muziki. Okestra ikishafungua kwa kasi, fidla kiongozi haidandii mwendo huo, bali inaingia polepole, kwa Adagio, kana kwamba haikusikia kilichotangulia, na ndipo mwendo ule wa kasi, Allegro aperto, unaporudi. Mwalimu anakaa hapo karibu dakika 40, akionyesha jinsi ya kuugawa upinde ili noti ndefu ikue bila kukabwa, na akisisitiza kwamba neno aperto, yaani wazi, linahusu sauti kabla halijahusu mwendo. Kisha anaendelea pamoja na mpiga piano, na hapo ndipo nilipotambua jambo lililonipita kwa miaka: wimbo uliofungua koncheto, ambao nilidhani ndio wenyewe, sasa umekuwa wa kusindikiza, na fidla inaimba wimbo mwingine juu yake. Ukilisikia hilo, huwezi tena kuipiga sehemu hiyo kwa ubabe.

Kuhusu trili, yaani noti mbili jirani zinazopishana haraka, na mapambo mengine, anamrejesha mwanafunzi kwenye kitabu cha mafunzo ya fidla alichokichapisha Leopold Mozart, baba wa mtunzi, mwaka 1756, na anafanya hivyo bila kukigeuza kuwa sheria. Adagio ya katikati, ya E meja, imepitiwa haraka mno. Vidole vya kutumia vimetolewa, na maelezo ya maana ni machache.

Kwenye kadenza, yaani pale okestra inaponyamaza na fidla kiongozi ikapiga peke yake, nina ugomvi naye. Mozart hakutuachia kadenza za koncheto hii, na mwalimu anafundisha zile tu za Joseph Joachim, mpiga fidla wa karne ya 19, noti kwa noti, bila kumhimiza mwanafunzi ajaribu hata sentensi moja yake mwenyewe. Kwa sisi tuliokulia kwenye taarabu, ambamo mpiga fidla hupewa taksimu yake, yaani nafasi ya kubuni papo hapo, na kutarajiwa aseme neno, ukimya huo unashangaza.

Sehemu ya mwisho inaanza kwa mwendo wa minueti, dansi ya mapigo matatu, halafu ghafla inaangukia A maina na mapigo mawili ya mtindo ambao Wazungu wa enzi hizo waliuita wa Kituruki, sello na besi zikigonga nyuzi kwa mti wa upinde. Ushauri wa mwalimu ni mzuri: fidla kiongozi isipige kelele, kwa kuwa fujo hiyo imeshakabidhiwa okestra. Tatizo ni kwamba rekodi ya mazoezi inayoambatana na masomo ni ya piano tupu, haina kugonga huko kwa nyuzi, na mwendo wake haubadiliki. Kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kuikimbiza mashine, hali kazi yenyewe ni ya watu wanaosubiriana. Nililazimika kumwomba rafiki anayepiga sello aje Jumamosi mbili ili niisikie ilivyo.

Bei inalingana na masomo sita ya ana kwa ana ninayoyalipia hapa Nairobi, na ndani yake mna ahadi ya kusahihishiwa video moja kwa muda wa wiki moja. Yangu ilirudi baada ya wiki tatu, ikiwa na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa pongezi za kawaida. Wa pili uliniambia kwamba ninakata pumzi kabla ya kila noti ya juu, na nilipoirudia rekodi yangu nikakuta ni kweli.