Tahadhari: Muuzaji wa vilengeo bandia vya tundu kwa bunduki za kuwindia

Wawindaji wenzangu, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayetangaza vilengeo vya tundu, yaani vile vinavyofungwa nyuma ya bunduki karibu na jicho, ambapo mlengaji huchungulia ndani ya kipete na kuiweka nguzo ya mbele katikati yake. Tangazo linadai kwamba vilengeo hivyo ni vya chuma cha pua, kwamba vinaingia kwenye bunduki ya aina yoyote bila kugusa kilengeo cha mbele, na kwamba tundu lake la milimita 1 linafaa kwa mawindo ya alfajiri na magharibi. Madai yote matatu ni ya uongo. Nilimwamini, nikalipa fedha zote kabla ya kupokea mzigo, na kosa hilo nalikiri.

Sina ugomvi na kilengeo cha tundu chenyewe. Bunduki za kijeshi kama Lee-Enfield No. 4 na M1 Garand zilitoka kiwandani zikiwa navyo, na sababu yake inaeleweka: jicho hutafuta katikati ya duara lenyewe bila kulazimishwa, hivyo mlengaji hana haja ya kuhangaika na vitu vitatu kwa pamoja, bali huitazama nguzo ya mbele na mnyama tu. Sifa hiyo njema ndiyo anayojifichia muuzaji huyu.

Nilikifunga kilengeo hicho kwa uangalifu, kisha nikaenda kukijaribu kwenye karatasi umbali wa mita 50, bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye mifuko ya mchanga. Risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja, zingefunikwa na ngumi, nami nikafurahi. Risasi ya tisa ilitua karibu sentimita 8 chini ya zile za kwanza, na ya kumi na nne ikashuka zaidi ya sentimita 15. Nilitoa risasi zote, nikafungua bunduki na kukitazama kilengeo kwa karibu. Kile kipande kinachopandishwa na kushushwa kwa ajili ya umbali kilikuwa kimeteleza jumla ya takriban milimita 2, kila teke la bunduki likikisogeza kidogo kidogo, ingawa skrubu yake ilikuwa imekazwa. Nilipoichomoa skrubu hiyo, hesi zake zilikuwa zimejaa unga wa kijivu, na nilipokwangua rangi nyeusi kwa ncha ya kisu nikaona metali ya rangi ya fedha iliyofifia, yenye vishimo vidogo vya kitu kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Sumaku haikushika popote isipokuwa kwenye skrubu.

Naomba hili lisipuuzwe kwa kudhani kuwa milimita 1 ni kitu kidogo. Katika bunduki yangu, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni sentimita 65, na kwa kipimo hicho kila milimita 1 ambayo kilengeo cha nyuma kinashuka huishusha risasi kwa takriban sentimita 15 kwenye mita 100. Kwa mnyama wa ukubwa wa mbuzi, tofauti hiyo inatosha kuitoa risasi kwenye moyo na mapafu na kuipeleka mguuni, naye akakimbia na jeraha ambalo litamtesa kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko fedha nilizopoteza.

Kuhusu dai la kuingia kwenye bunduki yoyote, mtu yeyote aliyewahi kubadilisha kilengeo anajua kwamba kimo cha nyuma na cha mbele lazima vilingane. Iwapo risasi zinapiga sentimita 30 juu ya shabaha kwenye mita 100, na kilengeo cha nyuma hakiwezi kushuka zaidi, bunduki kama yangu itahitaji nguzo ya mbele iliyo ndefu zaidi kwa karibu milimita 2; hakuna ujanja mwingine. Muuzaji wa haki huuliza kwanza aina ya bunduki, nafasi ya matundu ya skrubu na kimo cha nguzo ya mbele. Huyu hakuniuliza lolote.

Tundu la milimita 1 nalo ni la mashindano ya shabaha mchana wa jua kali, ambako huongeza ukali wa taswira. Gizani mboni ya jicho hutanuka hadi milimita 6 au 7 ikitafuta mwanga, na kuiwekea kitundu cha ukubwa wa kichwa cha pini ni kuizibia mwanga huohuo inaouhitaji. Kwa mawindo, tundu pana lenye ukingo mwembamba ndilo linalofaa.

Nilipolalamika, alijibu kwamba nimekaza skrubu kupita kiasi, kisha akadai ada ya kubadilishiwa kabla ya kutuma kingine. Nilipokataa kulipa mara ya pili, hakunijibu tena.

Kwa anayetaka kununua kilengeo cha aina hii, ombeni picha mpya iliyopigwa siku hiyohiyo, kipande kikiwa kando ya rula, na mkikipokea kipimeni kwa sumaku kabla ya kukifunga. Sumaku kutoshika si ushahidi wa ubovu peke yake, kwa kuwa vipo vilengeo vizuri vya alumini, na aina nyingi za chuma cha pua hazishikwi na sumaku, lakini kama kimeuzwa kwa jina la chuma cha pua na chini ya rangi mkakuta metali iliyofifia yenye vishimo kama niliyoiona mimi, basi shukuni kwamba mmedanganywa.

Tangazo lenyewe limerudi sasa kwa jina jingine la muuzaji, lakini picha ni ileile: kilengeo cheusi juu ya kitambaa cha kijani, chenye mkwaruzo mfupi ulioinama juu ya skrubu ya kulia. Kilengeo kilichonifikia mimi hakina mkwaruzo huo.