Shata ya matundu kwa duka lisilo na mpangaji: nimeiweka Kisumu, na naisifu

Nasimamia jengo la familia lenye maduka chini, kwenye barabara inayochepuka kutoka Oginga Odinga Street. Mpangaji wa duka la pembeni alipohama tulilifunga kwa shata ya bati zima na kufuli mbili. Wezi walikunja bati la chini kwa mtaimbo wakaingia. Waling'oa nyaya za shaba ukutani, mifereji, fremu za alumini za madirisha ya nyuma. Sinki la choo walilivunja tu, halikumfaa mtu yeyote, na hilo ndilo linaloniuma kuliko waya.

Nilienda kwa fundi wa jua kali upande wa Kibuye kuagiza bati zito zaidi. Kabla hajataja bei aliniuliza ni nani huwa pale usiku. Nikamwambia watu wa bodaboda wako kwenye kona mpaka saa sita, na mama wa mahindi huondoka saa tatu.

"Sasa Mama, mbona unawaziba macho? Mwizi akishaingia nyuma ya bati umempa karakana ya kufanyia kazi."

Ni kweli. Waya wetu ulivutwa kutoka ndani ya plasta, na kazi hiyo haifanywi haraka wala kimya.

Basi akanitengenezea shata ya mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa viungo. Inajikunja juu kama shata nyingine, ila ukisimama kwenye kibaraza unaona chumba chote hadi ukuta wa nyuma. Bei ilikuwa shilingi 6,500 kwa mita ya mraba. Mlango wetu wa mita 3 kwa 3 ukafika 58,500 pamoja na kufungwa. Bati zima lingepungua kidogo. Tulipaka kuta rangi nyeupe, tukafagia, tukaacha taa moja ya LED iwake usiku kucha. Usiweke shata hii mbele ya chumba kichafu, utakuwa umewaonyesha wapita njia kwamba mwenyewe hayupo.

Tangu iwekwe hakuna aliyeigusa. Mabango nayo hayashiki: bati la zamani lilikuwa limejaa sura za wanasiasa na matangazo ya waganga, tabaka juu ya tabaka, juu yake maandishi ya rangi ya kupuliza. Sasa watu wanachungulia, wanakisia ukubwa wa chumba, halafu wananipigia simu kuuliza kodi.

Nawaandikia hasa wenye majengo wenzangu. Kabla ya mkutano wa miji ya Afrika, Africities, uliofanyika hapa Mei 2022, njia za waenda kwa miguu katikati ya mji zilitengenezwa, na jioni watu wanatembea. Lakini wanapita mbele ya bati lililofungwa, lenye harufu ya mkojo. Najua tunaogopa. Kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka ya Oginga Odinga Street yaliporwa na kuchomwa moto, na aliyeona hayo simlaumu akitaka chuma kizima. Siku ya ghasia shata ya matundu haizuii jiwe, ndiyo maana kioo cha ndani sijakirudisha mpaka apatikane mpangaji. Lakini anayetuharibia maduka usiku wa kawaida ni mtu wa chuma chakavu. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, ikairuhusu tena baada ya miezi michache kwa masharti ya leseni. Shaba yetu ilipata mnunuzi mahali fulani.

Kasoro zipo. Fundi alichelewa, na simu alikuwa hapokei. Vumbi linaingia. Wadudu wa ziwani wakija kwa makundi hufuata ile taa, asubuhi unawafagia kwa beleshi. Mabomba yetu yamepakwa rangi tu, na kwa unyevu wa hapa kutu imeanza kwenye viungo vya chini. Ningeagiza tena ningelipia yaliyochovywa zinki.

Ukienda kuagiza, dai kufuli ifungwe kwa ndani ya reli, isining'inie nje. Yangu ya kwanza ilining'inia, fundi akaibadilisha bila kunitoza.