Kujumlisha Vekta: Kuchora kwa Skeli au Kutumia Vijenzi?

Skala, kama tungamo au halijoto, hujumlishwa kama namba za kawaida. Vekta, kwa kuwa ina ukubwa na mwelekeo, hudai njia yake, na hapo ndipo wanafunzi hubishana.

Tuchukue kani ya niutoni 3 kuelekea mashariki na nyingine ya niutoni 4, iliyoinama nyuzi 60 kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Ukichora kwa skeli ya sentimita 1 kwa niutoni 1, mshale wa pili ukianzia kwenye ncha ya wa kwanza, rula itakupa sentimita 6.1 hivi na kipimapembe takriban nyuzi 35. Vijenzi, yaani sehemu za kila kani kuelekea mashariki na kuelekea kaskazini, hutoa 3 + 2 = 5 upande wa mashariki (2 ni 4 × kosaini ya nyuzi 60) na 3.46 upande wa kaskazini (4 × saini ya nyuzi 60); kwa kanuni ya Pythagoras, hiyo ni niutoni 6.08 kwa nyuzi 34.7.

Kwa usahihi vijenzi vinashinda, hasa vekta zikiwa nyingi, kwa sababu kosa la penseli hurithiwa na kila mshale unaofuata. Hata hivyo vinadai saini na kosaini, na alama ya kutoa ikisahaulika hakuna kinachokushtua, ilhali mchoro huanika kosa la mwelekeo papo hapo. Asiyefika kwenye trigonometria achore; mwenye kikokotoo na swali la vekta nne atumie vijenzi, ingawa mchoro wa haraka pembeni, usio na skeli, haumgharimu kitu.