AC imezeeka: utengeneze au ununue nyingine? Soma stika kwanza

Joto la Dar likianza kupanda Novemba, mafundi AC hawashikiki. Unampigia asubuhi, anafika jioni, anaunganisha geji yake kwenye mashine ya nje na kukwambia: "Bosi, gesi imeisha, tujaze." Mimi nilijaza mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kwa fundi yuleyule, ndipo nikajua kwamba gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia ubaridi wa miezi michache.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu, soma stika iliyo ubavuni mwa mashine ya nje. Utaona aina ya gesi: R22, R410A au R32. Kwangu mimi hiyo ndiyo inayoamua, kuliko hata umri. R22 inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi kama Tanzania na Kenya zilitakiwa kupunguza gesi za kundi lake kwa asilimia 67.5 kufikia 2025. Kuanzia 2030 kinabaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine za zamani. Na ukiambiwa "tutakuwekea R410A humo humo kwenye mashine ya R22", kataa. Presha yake ni kubwa kwa zaidi ya nusu, na oili ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) inayohitaji ni nyingine kabisa.

Hizi hapa njia zako, nikianza na ile ambayo pesa yako inafanya kazi zaidi.

1. Kusafisha, na kapasita. Hata kama mashine ni ya R22, anzia hapa. Filta iliyojaa vumbi na mapezi (vibati vyembamba) ya mashine ya nje yaliyoziba huifanya AC nzima ionekane imekufa. Mashine ya nje ikinguruma bila kuwaka, au feni yake haizunguki mpaka uisukume, mara nyingi ni kapasita, kipuri cha bei ndogo kinachosaidia mota kuanza kuzunguka. (Usiisukume kwa kidole. Zima umeme, mwite fundi.)

2. AC mpya ya inveta (ile inayopunguza kasi ya kompresa chumba kikipoa, badala ya kuzima na kuwaka), gesi R32. Kama chako ni chumba cha kulala kinachopoozwa kila usiku, na mashine ya zamani ni ya R22 inayovuja, usiweke hata shilingi moja zaidi kwenye ile ya zamani. AC ya kawaida ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) hula takribani kilowati 1 hadi 1.2 kompresa ikiwa kazini. Usiku wa saa nane unaweza kuondoka na uniti 6 au 7 za LUKU. Kwa shilingi 350 hivi kwa uniti, uniti 7 ni 2,450 kwa usiku, yaani 73,500 kwa mwezi. Inveta ikipunguza theluthi tu, unabaki na zaidi ya 24,000 kila mwezi. Usiniamini mimi, pima kwako: soma mita unapolala na unapoamka, usiku mmoja na AC na mwingine bila AC.

Ubaya wa inveta ni bodi yake ya umeme. Umeme unaopanda na kushuka unaiunguza, na bodi si ya bei rahisi, kwa hiyo weka stabilaiza kwenye bajeti. Ukubwa: chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na BTU 9,000. Cha 4 kwa 5 chukua 12,000, na ukikaa chini ya bati lisilo na dari nzuri, panda daraja moja.

3. Kuziba uvujaji. Inafaa kwa mashine ya R410A au R32 ambayo haijafika miaka minane. Fundi apime kwa presha ya nitrojeni, azibe, avute hewa yote kwa pampu ya vakyum, kisha ndipo ajaze gesi kwa kupima kwenye mizani. Kwa wenzangu wa Kigamboni na Mbezi Beach, angalieni mapezi kwanza: yakishaliwa na chumvi mpaka yanamomonyoka kama unga, ukiziba tundu hapa litafunguka pale.

4. Mpya isiyo ya inveta. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa Krismasi na Idi, inatosha.

5. Kubadilisha kompresa. Fanya kama bado una warantii, basi. Kompresa ikiungua huacha asidi kwenye mabomba. Yasiposafishwa, mpya nayo itaungua. Bei yake ikivuka nusu ya AC mpya, achana nayo.

6. AC ya mtumba. Inapendeza dukani ikipuliza baridi. Lakini imeshang'olewa ukutani mara moja, hujui gesi ilitolewaje wala imekaa wazi siku ngapi, na mara nyingi stika ile ile ndiyo iliyobanduliwa.

Ukinunua mpya, simama pale inapofungwa. Fundi asiyekuja na pampu ya vakyum, mrudishe akaichukue kabla hajafungua valvu za gesi. Mabomba ya shaba ya zamani usiyarithi, hasa kama yalibeba R22.